Kuandaa kompyuta ya kutengenezea apu za simu bila kuijaza makorokoro

Watu wanaotaka kuanza kutengeneza apu za simu huwa wananiuliza swali moja wote, ninunue laptopu gani, na jibu langu huwa linawaudhi kidogo maana nawarudishia swali, hiyo uliyonayo ina nini na umeijaza nini? Kiukweli kompyuta nyingi zinazosemwa hazifai kwa hii kazi zinafaa tu ila zimeelemewa. Mtu kawasha Android Studio, ile programu ya kutengenezea apu za Android, kawasha emuleta, yaani simu ya bandia inayoendeshwa ndani ya kompyuta, brauza ina kurasa kibao zimefunguliwa, video inacheza pembeni, ndani kuna matoleo matatu ya Java, ile programu inayotumika kujengea apu, ambayo hata hajui yaliingiaje, afu analalamika mashine inaganda. Isingeganda ningeshangaa.

Tuanze na RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, na diski kwa sababu hapo ndo panapouma. Mwongozo wa Android Studio unataka angalau GB 8 za RAM kwa Studio peke yake, na GB 16 kama utaiendesha pamoja na emuleta. Angalia hizo namba vizuri, yaani gharama yote ya kutoka 8 kwenda 16 ni ile simu ya bandia kwenye kioo. Ukiitoa emuleta kwenye hesabu, laptopu ya GB 8 inafanya kazi, haitakimbia lakini inafanya. Kama una uwezo wa kuongeza kitu kimoja tu na diski yako bado ni ile ya kuzunguka, mi nakwambia weka SSD, diski isiyozunguka, kwanza kabla hujagusa RAM, kwa sababu Studio inasoma maelfu ya faili ndogo ndogo kila inapofungua projekti na kila inapobildi, yaani inapoyageuza uliyoandika kuwa apu, na diski ya kuzunguka hapo ndo inapofia. Kwa mwenye GB 4, sikufichi, Studio itakutesa tu, ila usikate tamaa maana kuna njia ya pembeni nitaitaja huko chini.

Kabla hujashusha chochote, panga foda. Najua hakuna mtu anapenda kusikia habari za foda ila hii inazuia matatizo ambayo mtu anakuja kuyatafutia dawa wiki nzima bila kujua yametoka wapi. Kwenye Windows tengeneza foda fupi kabisa juu ya diski, kitu kama C:\kazi, na projekti zote zikae humo. Usiweke projekti Desktop wala Documents, kwa sababu kompyuta nyingi siku hizi zinakuja na OneDrive imewashwa na hizo foda mbili zinapandishwa mtandaoni zenyewe, sasa fikiria Studio inaandika na kufuta faili za bildi mamia kwa mamia na huku OneDrive inakimbizana nazo izipandishe, utaanza kuona erra za faili imeshikiliwa na programu nyingine na huelewi ni programu ipi. Afu Windows kwa kawaida ina kikomo cha herufi 260 kwa njia nzima ya faili, na foda za bildi huwa zinaingia ndani sana, kwa hiyo ukianza na njia ndefu unafika kikomo haraka. Jina la foda lisiwe na nafasi katikati. Na kama jina lako la mtumiaji kwenye Windows lina nafasi au herufi za ajabu, basi SDK, yaani zana za Android ambazo Studio inazitumia, nayo ihamishie kwenye foda fupi wakati wa kuinstoli, kwa sababu yenyewe kwa kawaida inajiweka ndani ya foda ya mtumiaji. Linux na Mac hamna shida kubwa upande huu, nyie endeleeni.

Sasa Studio yenyewe. Ipo tangu 2013 ilipotangazwa, na toleo thabiti la kwanza likatoka Desemba 2014, kabla ya hapo watu walikuwa wanatumia Eclipse na programu jalizi yake, na waliopitia zama hizo hawalalamikii sana Studio. Nasema hivi kwa sababu mtandaoni bado kuna mafunzo ya zamani yanaelekeza watu Eclipse, ukikutana nayo funga ukurasa uende zako.

Wakati wa kuinstoli itakuuliza ya kawaida au kuchagua mwenyewe. Chagua mwenyewe. Utaona orodha, na humo kuna kisanduku cha simu ya bandia kimeshawekwa tiki, kitoe. Picha moja ya mfumo kwa ajili ya emuleta inazidi GB 1 kuishusha, afu ikishawashwa inajitanua diskini mpaka GB kadhaa, hayo ni mabando yako na nafasi yako. Kwenye SDK unahitaji vitu vichache tu, platform moja (faili za toleo moja la Android), ile mpya inayotakiwa na projekti yako, Build-Tools, Platform-Tools ambamo ndo kuna adb, kifaa cha kuzungumza na simu kutoka kwenye kompyuta, na Command-line Tools. Hiyo ya mwisho haijiweki yenyewe mara nyingi, unaingia SDK Manager sehemu ya SDK Tools unaitiki, na usipoiweka utakuja kuikumbuka baadae ukigusa Flutter, zana nyingine ya kutengenezea apu nitakayoitaja chini. Kuna watu wanashusha platform zote toka Android 5 mpaka ya leo wakidhani ndo apu itafanya kazi kwenye simu za zamani. Hapana aisee. Apu inabildiwa kwa platform moja mpya, na simu ya zamani kabisa utakayoikubali unaiandika kwenye minSdk, ni namba tu kwenye faili, haihitaji kushusha kitu.

Java. Hapa watu wanateseka bure. Studio inakuja na Java yake ndani, iko kwenye foda inaitwa jbr ndani ya foda ya Studio, huhitaji kwenda kutafuta nyingine. Shida inaanza pale unapotaka kubildi kwa terminali, lile dirisha la kuandika amri, terminali haijui hiyo ya ndani, inachukua ile iliyopo kwenye JAVA_HOME, mpangilio wa kompyuta unaosema Java iko wapi, na kama hapo pameelekezwa kwenye Java 8 uliyoiweka zamani kwa ajili ya kitu kingine, bildi inakataa kwa sababu plagini ya Android kuanzia toleo la 8 inataka Java 17. Dawa yake elekeza JAVA_HOME kwenye hiyo hiyo jbr, basi, terminali na Studio zinakuwa zinatumia kitu kimoja. Na ukiona ujumbe wa "Unsupported class file major version 65" usiogope, 65 ni Java 21 na 61 ni Java 17, maana yake Java uliyonayo ni mpya kuliko Gradle, programu inayofanya bildi, ya hiyo projekti inavyoweza kuelewa, kwa hiyo ama upandishe toleo la Gradle ama utumie Java ya toleo la chini. Wengi wakiona hiyo namba wanafuta kila kitu wanaanza upya, afu ikirudi tena wanaacha kabisa fani.

Ukimaliza hapo weka ANDROID_HOME ielekee kwenye foda ya SDK, na platform-tools uiingize kwenye PATH, orodha ya foda ambamo terminali inatafuta amri. Funga terminali ufungue mpya, maana iliyokuwa wazi haioni mabadiliko. Andika adb version, ikijibu tunaendelea.

Sasa simu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo penyewe. Mimi siwashi emuleta mpaka kuwe na sababu. Simu yako halisi haili RAM ya kompyuta, inaonyesha apu ilivyo kweli mkononi, kidole kinafika wapi na hakifiki wapi, betri inakwenda vipi, mtandao ukikatika inakuwaje. Simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka kona ni bora kwa kazi hii kuliko emuleta ya simu ya bei mbaya, kwa sababu apu ikiwa nyepesi kwenye hiyo, kwenye nyingine itapaa.

Ingia setingi, kuhusu simu, tafuta Build number, ibonyeze mara 7 mpaka ikwambie umeshakuwa developer. Baadhi ya simu zimeficha hiyo namba na ukibonyeza toleo la mfumo wa kampuni yao ndo inafunguka. Afu kwenye menyu mpya iliyotokea washa USB debugging. Kuna simu zina swichi ya pili ya kuruhusu kuinstoli kwa USB, nayo iwashe la sivyo apu itabildiwa vizuri mpaka mwisho halafu ikataliwe mlangoni. Chomeka waya, andika adb devices. Majibu ni haya: ikiandika device umemaliza. Ikiandika unauthorized angalia kioo cha simu, kuna kidirisha kinasubiri ukubali, na kama hakionekani futa idhini za debugging kwenye ile menyu uchomoe uchomeke tena. Ikitoka orodha tupu, jambo la kwanza shuku waya. Siyo driver (programu inayoiwezesha kompyuta kuitambua simu), siyo Windows, waya. Waya nyingi zinazokuja na vitu vidogo vidogo kama spika na taa zinapitisha moto tu, data hazipitishi, na mtu anaweza kuhangaika na driver jioni nzima na kosa liko kwenye waya. Ukishabadilisha waya na bado tupu, hapo sasa kama uko Windows nenda katafute driver ya kampuni ya simu yako, kama uko Linux na inasema no permissions basi ni kanuni za udev, zile zinazokupa ruhusa ya kuigusa simu, hazipo, distro (aina za Linux) nyingi zina pakiti tayari ya kuinstoli, na jiweke kwenye kundi la plugdev. Mac kwa kawaida inashika tu yenyewe. Ikigoma bila sababu, adb kill-server, afu adb devices tena inajiwasha.

Kama simu ni Android 11 kwenda juu unaweza kuachana na waya kabisa. Kuna Wireless debugging kwenye menyu ile ile, simu na kompyuta ziwe kwenye Wi-Fi moja, Studio inakuonyesha QR unaiskani, au kwa terminali adb pair na ile anwani na namba ya siri inayoonekana kwenye simu. Nzuri hasa kama tundu la kuchajia limeanza kulegea, kuchomeka na kuchomoa kutwa nzima kunamaliza matundu. Na ukitaka kuona simu kwenye kioo cha kompyuta kuna kitu kinaitwa scrcpy, ni bure na chepesi sana, unaigusa simu kwa mausi kana kwamba ni emuleta ila mzigo wote uko kwenye simu.

Kwa wale ambao lazima emuleta, labda huna simu ya Android au unahitaji kupima vioo vya ukubwa tofauti, sawa. Kitu kinachofanya emuleta iwe ya kutumika au ya kulilia ni uwezo wa prosesa kuendesha mfumo ndani ya mfumo, kwenye Intel inaitwa VT-x na kwenye AMD ni AMD-V, ila kwenye BIOS (setingi za kompyuta zinazofunguliwa kabla mfumo haujawaka) za AMD utaikuta imeandikwa SVM. Kompyuta nyingi zinao ila umezimwa kwenye BIOS. Kwenye Windows fungua Task Manager, sehemu ya Performance, bonyeza CPU, chini pale inakwambia imewashwa au la. Ukishaiwasha nenda uwashe na Windows Hypervisor Platform kwenye vipengele vya Windows. Mafunzo mengi bado yanasema uinstoli HAXM, programu ya Intel ya kuharakisha emuleta, achana nayo, Intel waliiacha 2023. Kwenye Linux kinachofanya kazi hiyo ni KVM, jiweke kwenye kundi la kvm. Kuhakikisha andika emulator -accel-check itakujibu. Mac zenye chipu za M chagua picha ya ARM, na hizo kusema ukweli emuleta inaruka vizuri sana, wivu tu.

Tukija kwenye bildi ya kwanza. Fungua projekti tupu, chagua lugha ya Kotlin, maana tangu 2019 Google wenyewe wanaipa Kotlin kipaumbele kuliko lugha ya Java, bonyeza Run, na usiguse kitu. Itachukua muda mrefu mpaka utadhani imekufa. Haijafa, Gradle inashusha yenyewe kwanza afu inashusha maktaba zote za projekti, kwa hiyo hiyo siku hakikisha mtandao upo na bando lipo, siyo unaanza umebakiza MB mia mbili. Vikishashuka vinakaa kwenye foda ya .gradle na mara ya pili havishushwi tena, ndo maana kwenye Studio kuna kitufe cha Gradle kufanya kazi bila mtandao, kiwashe ukishamaliza kuweka maktaba zako, inapunguza ule mchezo wa kwenda kuuliza mtandaoni. Watu wanaofuta foda ya .gradle kila erra ikitokea wanajishushia GB upya kila mara, na nusu ya hizo erra wala hazikuhusu keshi, yaani hivyo vilivyohifadhiwa humo.

Kuna faili inaitwa gradle.properties, humo ndo unaibana. Kwa kawaida kuna mstari wa org.gradle.jvmargs ukiwa na -Xmx2048m, yaani Gradle inaruhusiwa hadi GB 2 za RAM. Kwenye mashine ya GB 8 iache hapo hapo, usiongeze eti iende kasi, ukiongeza unaiba kwenye Studio na Windows na zote zinaanza kuandika diskini, inakuwa polepole zaidi ya mwanzo. Ongeza org.gradle.caching=true, hiyo haina hasara. Na jua kwamba Gradle ikimaliza kubildi haiondoki, ni kama mgeni aliyeshamaliza kula ila bado yupo sebuleni, inakaa kwenye RAM mpaka masaa 3 bila kazi ndo inajizima. Ukitaka nafasi yako mapema andika gradlew --stop. Kingine cha Windows ni antivairasi, inakagua kila faili bildi inapoandika, Studio yenyewe hukupa ujumbe wa kuzitoa foda za projekti kwenye ukaguzi, mi nakubali kwa foda ya projekti na .gradle na SDK tu, siyo diski nzima kama wengine wanavyoshauriana.

Flutter. Wengi nadhani mko huku. Flutter siyo mbadala wa SDK ya Android, inaikalia juu, kwa hiyo yote hapo juu bado yanakuhusu, ila hulazimiki kufungua Studio kila siku, unaweza kuandikia VS Code, edita ambayo ni nyepesi zaidi na Studio ikabaki imelala. Usiiweke kwenye Program Files maana inataka kuandika ndani ya foda yake yenyewe na pale ruhusa hamna. Ukimaliza andika flutter doctor. Ikilalamika cmdline-tools hazipo, ndo ile niliyosema uitiki, afu flutter doctor --android-licenses ukubali kwa y mpaka mwisho. Ikiweka alama nyekundu kwenye Visual Studio, iache! Hiyo ni kwa ajili ya apu za kompyuta za Windows, na ni tofauti kabisa na VS Code japo majina yanafanana, na mtu asiyejua anajikuta anashusha GB nyingi za kitu asichokihitaji ili tu alama iwe ya kijani.

Na ile njia ya pembeni ya mwenye GB 4 ni React Native, zana ya kutengeneza apu kwa lugha ya JavaScript, kwa kutumia Expo. Unahitaji Node.js (ya kuendeshea JavaScript) na VS Code au edita yoyote, kwenye simu unaweka Expo Go, unaskani QR na apu inafunguka kwenye simu, hamna Studio hamna Gradle hamna SDK kwenye mashine yako. Ina mipaka yake, maktaba zenye msimbo (code) wa ndani ya mfumo ambazo Expo Go haina hutaziona zikifanya kazi, ila kwa kujifunza na kutengeneza apu ya kawaida inatosha kabisa, na bildi ya mwisho unaweza kuituma ikafanyike kwenye seva zao.

iPhone je? Xcode, programu ya Apple ya kutengenezea apu za iPhone, inakaa kwenye Mac tu, basi. Video za kuiweka macOS kwenye laptopu ya kawaida zipo nyingi, na mi sipendekezi, mbali na masharti ya Apple kutoruhusu, kila apdeti inakuwa vita mpya. Andika Flutter au React Native, pima kwenye Android, ya iOS ipeleke ikabildiwe kwenye Mac za kukodi mtandaoni kama Codemagic au GitHub Actions. Ukiwa na Mac andaa diski ya kutosha maana Xcode na simuleta zake zinakula makumi ya GB, na ukitumia akaunti ya bure ya Apple kuweka apu kwenye iPhone yako itafanya kazi siku 7 afu inabidi uiweke upya.

La mwisho ni funguo, yaani faili za kuitia apu sahihi ijulikane ni yako. Wakati wa kujaribu, Studio inajitengenezea debug.keystore kwenye foda ya .android na huna haja ya kuijali. Ila siku ukitengeneza ufunguo wa kutolea apu, usiuweke ndani ya projekti inayokwenda Git (mfumo wa kutunza na kushirikisha kazi yako), na local.properties pia isiende, ina njia ya SDK ya mashine yako tu. Nakala ya ufunguo na nywila yake iwe sehemu mbili nje ya hiyo laptopu. Kwa apu mpya za Google Play tangu Agosti 2021 hali ni nafuu, ufunguo halisi wanautunza wao na wewe una wa kupandishia tu, ukipotea unaomba kubadilishiwa. Lakini kama unagawa APK, yaani faili la apu, mwenyewe nje ya duka na ufunguo ukapotea, toleo jipya halitakubali kukaa juu ya la zamani, kila mtumiaji itabidi afute apu aweke upya, na kilichokuwa kimehifadhiwa humo ndani kinaondoka.